Sumu Ikishatoka Mwilini: Afya ya Akili ya Mtu Aliyeumwa na Nyoka

 Jambo la leo halina fani moja inayolimiliki. Daktari wa upasuaji huliona upande mmoja, daktari wa akili upande mwingine. Upande uliobaki huonwa na mke wa mgonjwa, saa nane za usiku, mumewe anapoamka kwa mara ya tatu na kumulika tochi chini ya kitanda.

Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba mtu aliyeumwa na nyoka mwenye sumu hajapona kwa sababu tu ameruhusiwa kutoka wodini, na kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa unaobaki inaweza kutambuliwa na kupunguzwa kwa watumishi tulio nao sasa. Hoja ni tano. Hazina urefu sawa, na wasikilizaji watusamehe kwa hilo. Ya tatu ndiyo itakayotuweka zaidi.

Kwanza takwimu chache, tuelewane ukubwa wa shauri lenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu mwingine wa kudumu ni takriban mara tatu ya hao. Pamoja na ukubwa huo, ilikuwa Juni 2017 ndipo WHO ilipoliweka tatizo hili katika daraja la juu la magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio, na mwaka 2019 ukatoka mkakati wenye shabaha moja: kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Shabaha ni nzuri. Lakini ulemavu unaoonekana haraka kwenye rejesta ni wa mguu, mkono na jicho. Ule wa akili hausumbui rejesta yoyote, kwa sababu hakuna anayeuulizia.

HOJA YA KWANZA: Namna sumu inavyofanya kazi ni kitisho chenyewe

Watu husema aliyeumwa na nyoka "ameingiwa na hofu", kana kwamba hofu ni jambo la kando. Hebu tuitazame saa yenyewe. Kifutu, au bafe kama wengine wanavyomwita, hakimbii anaposikia vishindo. Hutulia pale pale kwenye majani makavu akitegemea rangi yake imfiche, na mtu humkanyaga. Maumivu huanza papo hapo. Uvimbe hutoka kwenye kifundo cha mguu, ukapanda gotini, ukaendelea pajani. Siku zinazofuata hutokea malengelenge, ngozi hubadilika rangi, na nyama inaweza kuoza mgonjwa akiiona na kuinusa. Muuguzi akija kukata nyama iliyokufa, mwenye mguu yupo macho, anatazama.

Sumu ya koboko hupita njia nyingine. Hushambulia mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Kope hulegea, ulimi huwa mzito, mate hayamezeki, kisha kifua hushindwa kuvuta pumzi. Jambo ambalo ndugu wengi hawalijui ni kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na fahamu zake. Hawezi kufumbua macho wala kubana kidole, lakini anasikia. Anasikia watu wakilia. Anasikia wakiulizana atazikwa wapi. (Wauguzi wa wagonjwa mahututi waliomo ukumbini wanatikisa vichwa; wanalijua.) Akiwahi mashine ya kupumulia na dawa, anaweza kuamka na kuondoka akitembea kwa miguu yake. Yale aliyoyasikia ataondoka nayo vilevile.

Katikati ya kuumwa na kutibiwa kuna safari. Mgonjwa hubebwa mshikaki kwenye bodaboda, hufika zahanati isiyo na dawa, huandikiwa rufaa, hungoja gari. Dawa inayozuia sumu, antivenomu, imekuwa adimu barani Afrika kwa miaka mingi. Kampuni ya Ufaransa, Sanofi Pasteur, ilipoacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014, na shehena ya mwisho ilipomaliza muda wake Juni 2016, pengo liliongezeka. Madaktari hulihesabu pengo hilo kwa vifo. Mgonjwa aliyenusurika hulihesabu kwa saa alizolala kwenye benchi akisubiri kufa.

HOJA YA PILI: Ushahidi upo, ingawa ni mchache

Utafiti unaotajwa zaidi ulitoka Sri Lanka, nchi ya mashamba ya mpunga na ya nyoka wengi, na ulichapishwa mwaka 2011. Watafiti waliwatafuta watu 88 walioingiwa na sumu mwilini, mwaka mmoja hadi minne baada ya tukio. Wakawalinganisha na wengine 88 ambao hawajawahi kuumwa, wa umri, jinsia, eneo na kazi zilezile. Ulinganifu huo ni muhimu, kwa sababu maisha ya mkulima yana dhiki zake hata bila nyoka.

Matokeo: waliotimiza vigezo vya sonona miongoni mwa walioumwa walikuwa 48, yaani asilimia 54. Miongoni mwa wenzao walikuwa 13, asilimia 15. Watu 19 kati ya walioumwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, ule ambao tukio hurudi ndotoni na machoni, na mtu hushtuka na kukwepa kila kinachomkumbusha. Watu 24 walisema kuumwa kumeathiri ajira yao, na tisa walikuwa wameacha kazi kabisa. Waliolalamikia ulemavu wa mwili walikuwa 15 tu.

Tuzitazame namba mbili kwa pamoja. Wenye malalamiko ya ulemavu wa mwili 15. Wenye sonona 48. Hata tukichukulia kwamba wale 15 wote wamo ndani ya wale 48, bado zaidi ya nusu ya wenye sonona hawakuwa na ulemavu wa mwili wa kuonyesha. Kwa daktari aliyekagua miguu na mikono yao, hao walikuwa wamepona.

Nigeria nako, katika hospitali ya Kaltungo, Jimbo la Gombe, ambayo jina lake limejengwa na matibabu ya nyoka, watafiti waliwapima sonona wagonjwa waliokuwa wodini mwaka 2015, na waliikuta. Zaidi ya hapo tafiti ni za kuhesabika. Kanda yetu ina taasisi zinazowajua nyoka vizuri: Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980, na Meserani nje ya Arusha, ambako bustani ya nyoka ina zahanati yake. Kenya ina kituo cha utafiti wa sumu ya nyoka katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Karen. Wanaowajua nyoka tunao. Wanaowafuatilia walioumwa mwaka mmoja baadaye ndio pengo.

HOJA YA TATU: Aliyeumwa hurudi palepale alipoumwa

Methali yetu inasema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Husemwa barazani kwa kicheko, na hata hapa kuna wanaotabasamu. Lakini tuisikilize kama maelezo ya dalili. Ung'ongo ni ukanda mwembamba wa ukindu uliotupwa chini na msusi wa mikeka, hauumi mtu. Anayeushtukia anajua ni ung'ongo, na mwili wake unaruka kabla ya akili kumaliza kujua. Wazee waliiona dalili vizuri. Walichoacha ni kusema mtu huyo afanyiwe nini.

Sayansi ina maelezo ya kwa nini hofu hii ni nyepesi kuingia na ngumu kutoka. Mwaka 1989 Michael Cook na Susan Mineka walichapisha majaribio ya nyani waliolelewa maabara, ambao hawakuwa na hofu ya nyoka. Walionyeshwa video ya nyani mwingine akimwogopa nyoka, nao wakaanza kuogopa. Walipoonyeshwa video iliyounganishwa ili nyani aonekane akiogopa maua, hawakujifunza kuyaogopa maua. Ubongo wa jamii ya nyani na mwanadamu, inaelekea, una nafasi iliyotayarishwa kwa ajili ya nyoka. Mwanadamu aliyeumwa hasa, akaona mguu wake ukivimba, hahitaji somo la pili.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Aliyenusurika katika ajali ya basi anaweza kukaa miezi bila kupanda basi. Mkulima hawezi kukaa miezi bila shamba. Njia ileile, majani yaleyale, msimu uleule wa mvua ambapo palizi haingoji. Daktari wa akili ana neno la kitaalamu la kukwepa mahali pa tukio, na huliandika kama dalili. Kwa mkulima, mfugaji, mkata kuni na mvunaji wa asali, dalili hiyo ni njaa. Mke hupalilia peke yake. Mtoto huachishwa shule akachunge. Nusu ya shamba hubaki pori, na pori likikaribia nyumba nyoka nao hukaribia.

Anayejilazimisha kwenda huenda kwa gharama nyingine. Hulima kwa macho ya kutafuta, jembe moja kutazama, jembe moja kutazama. Jioni amechoka kuliko wenzake na kazi yake ni robo ya yao. Jirani humwita mvivu. Mwenyewe hajui aseme nini, kwa sababu mguu umepona na kila mtu ameuona umepona.

Usiku si mapumziko. Katika nchi za kusini mwa Afrika wapo swila wanaoingia nyumbani na kuwauma watu waliolala. Sri Lanka yupo nyoka aitwaye krait anayewauma usiku wanaolala sakafuni. Aliyeumwa hivyo amenyang'anywa kitanda chenyewe. Atakung'uta shuka, atamulika kona, atachomeka chandarua chini ya godoro kwa mkono unaotetemeka, atalala, ataamka, atarudia. Usingizi ukikatika miezi na miezi, sonona haiko mbali, hata kwa mtu ambaye hakuwa na tabia ya kunung'unika.

Na kuna deni. Waliokwenda hospitali ya rufaa wameuza mbuzi, pengine ng'ombe, pengine wamekopa mbegu. Aliyekatwa mguu amepoteza pamoja na mguu nafasi yake katika nyumba: yule aliyekuwa akilisha sasa analishwa. Tusije tukaidhania sonona ya mtu huyu kuwa ni matokeo ya nyoka peke yake. Nyoka alifungua mlango. Umaskini ukaingia na kukaa.

HOJA YA NNE: Swali la "nani amemtuma?"

Hii ni fupi, ila haiwezi kurukwa. Katika jamii zetu nyingi nyoka haumi bure. Kuna nyoka wa porini na kuna nyoka wa kutumwa, na mgonjwa akiwa bado na dripu mkononi ndugu wameshaanza kuhesabu maadui. Ugomvi wa mpaka wa shamba wa miaka mitatu iliyopita unafufuliwa. Mgonjwa anarudi kijijini akiwa na woga wa nyoka na woga wa jirani, na huu wa pili hauna tochi ya kuumulika.

Tumezoea kuwalaumu waganga wa jadi, na kwa upande wa sumu lawama ni ya haki. Kuchanja kwa wembe, kufunga kamba ya kubana na kubandika jiwe jeusi hakuondoi sumu. Kunaongeza vidonda na kunapoteza saa ambazo mgonjwa hana. Hata hivyo mganga hufanya jambo moja ambalo hospitali nyingi hazifanyi. Hukaa chini na mgonjwa akamwuliza ilikuwaje, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Wodini swali huwa "nyoka wa rangi gani?" kisha sindano. Mwenye kuthubutu atusahihishe, lakini sehemu ya foleni za waganga inatokana na hapo. Mganga anayekubali kumpeleka mgonjwa hospitali mara moja, kisha akampokea akirudi, ni mshirika. Anayemzuia asiende ni hatari, na aambiwe hivyo hadharani.

HOJA YA TANO: Msaada wa bei nafuu unawezekana, lakini tusiupambe

Watafiti wa Sri Lanka hawakuishia kuhesabu. Mwaka 2015 walichapisha jaribio la wagonjwa 225 waliogawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. La kwanza halikupewa chochote cha ziada. La pili, wagonjwa walipokuwa wanaruhusiwa, walipata huduma ya kwanza ya kisaikolojia na maelezo ya kuondoa imani zinazomfanya mtu aliyekwisha kupona ajione bado mgonjwa. La tatu walipata hayo, na baada ya mwezi mmoja wakapata kikao cha pili cha kuwasaidia kubadili mawazo na mwenendo. Waliotoa huduma walikuwa madaktari wa kawaida, si mabingwa wa akili.

Baada ya miezi sita, dalili za wasiwasi zilikuwa zikipungua kadiri huduma ilivyoongezeka, na vilevile ugumu wa maisha ya kifamilia na ya kijamii. Lakini idadi ya waliokuwa na sonona haikutofautiana kati ya makundi, na ugonjwa wa kiwewe haukuguswa. Inafaa lisemwe wazi mbele ya wenye kupanga bajeti: mazungumzo mafupi mlangoni husaidia, ila hayatoshi. Anayebaki na sonona anahitaji vikao zaidi, na wengine watahitaji dawa.

Vikao hivyo vitoke wapi, katika nchi ambazo mabingwa wa akili wamejazana mijini? Nairobi imeshajibu kwa sehemu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kutoa vikao vitano vya ushauri, kwa mbinu iliyoandaliwa na WHO, kwa wanawake wa vitongoji vya jiji hilo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Walioshiriki walikuwa 421, na waliopata vikao walipungukiwa na msongo zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Zimbabwe ina Friendship Bench ya Profesa Dixon Chibanda, ambapo bibi wa mtaani aliyepewa mafunzo hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio la Harare la mwaka 2016 lilihusu kliniki 24 na watu 573, na dalili zilipungua. Mpango huo umeshavuka hadi Malawi na Zanzibar.

Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililoandaliwa kwa ajili ya walioumwa na nyoka. Hilo ni kweli, na mwenye shaka ana haki ya kutaka jaribio letu wenyewe. Lakini sonona ya mkulima wa Kitui au wa Monduli si ya aina ya ajabu kiasi kwamba iundiwe wizara. Maswali tisa ya PHQ-9, yanayopima sonona kwa kuuliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, yameshatafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika Kenya. Kuyauliza ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu yaliyo mbele

Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 Septemba 2023. Tanzania inao wake, na inayo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe huko Dodoma, katika ukanda mkavu ambao wakazi wake hawahitaji kuelezwa kifutu ni nani. Watu wa kuifanya kazi hii tayari wanapita mlango kwa mlango, lakini hawana jina la aliyeumwa, wala hawana agizo la kumwuliza kuhusu usingizi wake.

Kwa hiyo ombi linalotolewa hapa ni dogo, na linaelekezwa kwa waganga wakuu wa wilaya walioketi safu za mbele. Kila anayeruhusiwa baada ya kuumwa na nyoka mwenye sumu aelezwe, yeye na nduguye mmoja, kwamba ndoto mbaya, mshtuko na kukosa usingizi ni mambo yanayotokea, na kwamba yakipita mwezi arudi. Kadi yake iandikwe tarehe ya kurudi. Mhudumu wa kijiji chake apigiwe simu. Siku hiyo ya kurudi kidonda kitazamwe, kisha maswali tisa yaulizwe, na liongezwe la kumi la kienyeji: umesharudi shambani?

Vyuo vikuu nanyi mna kazi. Wanafunzi wanaotafuta mada za shahada za uzamili wapelekwe Baringo, Samburu, Kilifi, Monduli na Dodoma, wakawatafute walioumwa mwaka juzi. Majina yamo kwenye rejesta za wodi. Na Wizara zinapoandaa taarifa za kufikia shabaha ya 2030, safu ya ulemavu iongezewe mstari mmoja wa afya ya akili, hata kama mwaka wa kwanza mstari huo utakuwa na wilaya moja tu iliyoujaza. Maswali yenu yanakaribishwa, na wauguzi watangulie.